Namna ya Kukadiria Umbali na Muda wa Safari ya Ndege ya Mbali kwa Msafiri Anayeanzia Dodoma

Mfanyabiashara wa Dodoma anayekwenda Guangzhou kufuata bidhaa, au mzazi anayekwenda London kumwona mwanawe aliye masomoni, huuliza swali moja kabla ya kulipia tiketi: kule ni mbali kiasi gani, na nitafika baada ya muda gani? Swali ni moja, lakini majibu yake ni matatu. Kuna umbali wa hewani kati ya kiwanja na kiwanja, kuna muda ambao ndege yenyewe inakuwa safarini, na kuna muda wa safari nzima tangu unapofunga mlango wa nyumba yako Area C au Chang'ombe mpaka unapotoka nje ya kiwanja cha ugenini na begi lako mkononi. Wengi huyachanganya majibu hayo matatu, na hasara wanayoipata ni ya fedha halisi: tiketi iliyopotea, usiku wa hoteli usiopangwa, mkutano uliokosekana.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyapata yote matatu kwa mkono wako mwenyewe, kwa kutumia kikokotoo cha kawaida, kipande cha uzi na karatasi. Nimetumia safari ya Dodoma hadi Guangzhou kama mfano mkuu, kwa kuwa ni safari ambayo wafanyabiashara wetu wanaifahamu, na nimeongeza mifano mingine pale inapohitajika. Kwa kuwa neno "saa" katika lugha yetu linabeba maana mbili, nitaandika "muda wa saa 7" ninapotaja urefu wa muda, na nitaandika "saa 7:00 mchana" ninapotaja wakati wa siku. Wakati unaoandikwa kwenye tiketi nitauacha kama ulivyo, yaani 13:00.

Hatua ya kwanza: fahamu viwanja vyako kwa alama zake

Kila kiwanja kinachopokea abiria kina alama ya herufi tatu, na hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye tiketi na kwenye karatasi inayofungwa kwenye begi. Kiwanja cha Dodoma ni DOD, Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere kilichopo Dar es Salaam ni DAR, Kilimanjaro ni JRO, Addis Ababa ni ADD, Doha ni DOH, na Guangzhou ni CAN. Zoea kusoma alama badala ya jina la mji, kwa sababu miji mikubwa ina viwanja zaidi ya kimoja. London ina Heathrow, Gatwick, Stansted na Luton, na vyote havikaribiani. Istanbul ina kiwanja kikubwa upande wa Ulaya na kingine upande wa Asia. New York ina JFK na LaGuardia, na jirani yake kuna Newark, ambacho kipo katika jimbo jingine. Ikiwa tiketi yako inakufikisha Heathrow na ndege ya pili inaondokea Gatwick, umejipa safari ya barabarani ndani ya nchi ya watu, yenye foleni, nauli na wakati mwingine masharti ya viza, na hakuna hesabu ya umbali wa hewani itakayokuonyesha jambo hilo.

Hatua ya pili: pata umbali wa hewani

Dunia ni tufe, kwa hiyo njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili ni ule mstari unaofuata mduara mkuu, yaani mduara unaoigawa dunia katika nusu mbili zilizo sawa. Kwenye ramani bapa ya ukutani mstari huo huonekana umepinda, na hapo ndipo watu hudhani kwamba rubani anazunguka bila sababu. Chukua tufe la darasani, lile lenye upana wa sentimita 30, uone mwenyewe. Zungusha uzi kwenye ikweta yake: utapata kama sentimita 94. Ikweta ya dunia ni takriban kilometa 40,000, kwa hiyo kila sentimita moja ya uzi ni kama kilometa 425. Sasa bana ncha ya uzi kwa kidole juu ya Dar es Salaam, uvute mpaka Guangzhou huku ukiukaza ili usilegee, kisha uweke alama kwa kalamu. Ukiupima kwa rula utapata sentimita ishirini na nusu hivi, ambazo ni kama kilometa 8,700. Ukifanya vivyo hivyo kutoka Dubai hadi Los Angeles, uzi utapita jirani na Ncha ya Kaskazini. Mwanafunzi akiliona hilo kwa macho yake, hatauliza tena kwa nini ndege inayokwenda Marekani kutoka Uarabuni inaelekea kaskazini.

Anayetaka uhakika zaidi ya huo atumie latitudo na longitudo. Dar es Salaam ipo latitudo digrii 6.88 kusini na longitudo digrii 39.20 mashariki, Guangzhou ipo digrii 23.39 kaskazini na digrii 113.30 mashariki. Latitudo ya kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Hakikisha kikokotoo chako kimewekwa kwenye digrii, kisha tumia kanuni hii:

cos(umbali) = sin(latitudo ya kwanza) × sin(latitudo ya pili) + cos(latitudo ya kwanza) × cos(latitudo ya pili) × cos(tofauti ya longitudo)

Tofauti ya longitudo hapa ni 113.30 kutoa 39.20, yaani digrii 74.10. Sehemu ya kwanza ya kanuni ni −0.1198 × 0.3970, ambayo ni −0.0476. Sehemu ya pili ni 0.9928 × 0.9178 × 0.2740, ambayo ni 0.2497. Ukijumlisha unapata 0.2021. Bonyeza kitufe cha kurudisha cos kuwa digrii, nawe utapata digrii 78.34. Digrii moja juu ya mduara mkuu ni kama kilometa 111.2, kwa hiyo umbali ni takriban kilometa 8,710. Marubani na mabaharia huhesabu kwa maili za baharini: digrii moja ina maili 60, na kila maili ni kilometa 1.852. Kwa hiyo ukikuta mahali pameandikwa maili 4,700 kwa safari hii, usidhani mmoja wenu amekosea. Hizo ni zile zile kilometa 8,700. Wapo wanaojiuliza kama urefu wa anga unabadilisha hesabu. Unabadilisha, lakini kidogo mno: ndege ikiruka kilometa 11 juu ya ardhi, safari hii nzima inarefuka kwa kilometa kama 15 tu.

Hatua ya tatu: jumlisha vipande, usihesabu mstari mmoja

Umbali wa moja kwa moja una maana ikiwa ndege ni ya moja kwa moja. Unapopita kiwanja cha kati, hesabu kila kipande peke yake kisha ujumlishe. Dar es Salaam hadi Addis Ababa ni kama kilometa 1,760, na Addis Ababa hadi Guangzhou ni kama 8,040. Jumla ni 9,800. Ukipitia Doha, kipande cha kwanza ni kama kilometa 3,800 na cha pili 6,200, jumla 10,000. Kwa anayekwenda London, mstari wa moja kwa moja kutoka Dar es Salaam ni kama kilometa 7,500, ilhali kupitia Doha ni kama 9,040.

Ziada ya kilometa 1,500 ni chini ya muda wa saa mbili za kuruka. Kinachorefusha safari hasa ni kusubiri katika kiwanja cha kati, na kwa hiyo tiketi mbili zenye umbali unaolingana zinaweza kutofautiana kwa muda wa saa kumi.

Mfano wa wazi kabisa tunao hapa nyumbani. Kutoka Dodoma hadi Guangzhou kwa mstari mmoja ni kama kilometa 9,020. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kama kilometa 390 za hewani, na ukijumlisha na zile 8,710 unapata 9,100. Tofauti ni kilometa 80, umbali ambao ndege kubwa huumaliza kwa dakika tano au sita. Lakini mtu yeyote wa Dodoma anajua kwamba kupitia Dar es Salaam hakuongezi dakika sita. Kunaongeza nusu ya siku. Kiwanja cha Msalato, kilichopo Dodoma, kimebuniwa kwa njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,600 ili ndege kubwa ziweze kutua, na safari za mbali zikianzia hapo ndipo hesabu ya msafiri wa kanda ya kati itakapobadilika kweli.

Hatua ya nne: geuza umbali kuwa muda wa kuruka

Ndege kubwa za abiria, zikiwa zimetulia juu, huenda kwa kasi ya takriban kilometa 900 kwa saa. Hata hivyo kasi hiyo haipo wakati wa kupanda, wakati wa kushuka, wala ndege inapotembea taratibu kuelekea njia ya kurukia. Kanuni ninayoitumia, na ambayo imenitosha miaka mingi, ni kugawa umbali kwa 850 kisha kuongeza nusu saa. Kwa Guangzhou: 8,710 gawanya kwa 850 ni 10.25, ongeza 0.5 upate 10.75, yaani muda wa saa 10 na dakika 45. Ukitaka kuijaribu kanuni hii, ipeleke kwenye safari ndefu kuliko zote zinazobeba abiria kwa ratiba, ya Singapore hadi kiwanja cha JFK cha New York, ambayo ni kama kilometa 15,300: utapata muda wa saa 18 na nusu, na ndege hiyo kwa kweli hutumia muda wa saa 18 na ushee.

Kwa vipande vifupi kanuni hiyo haifai. Ndege za mapanga zinazohudumia Dodoma zina kasi ndogo kuliko zile za jeti, kwa hiyo gawa kwa 600 kisha uongeze nusu saa: 390 gawanya kwa 600 ni 0.65, ukiongeza 0.5 unapata muda wa saa moja na dakika kumi hivi.

Baada ya hapo fikiria upepo. Katika maeneo yaliyo mbali na ikweta, kwenye kimo ambacho ndege kubwa huruka, kuna mkondo wa upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayotoka New York kwenda London husukumwa nao na kutumia muda wa saa 7 hivi, nayo inayorudi hupambana nao na kutumia muda unaokaribia saa 8, ingawa umbali ni ule ule wa kilometa 5,540. Karibu na ikweta, tulipo sisi, upepo huo hauna nguvu kiasi hicho, lakini ndege ya Guangzhou huukuta inapokaribia kusini mwa China, hasa miezi ya baridi. Kwa sababu hiyo nashauri uongeze nusu saa kwa safari ya kurudi kutoka mashariki.

Jambo jingine linalorefusha njia ni anga zilizofungwa. Tangu 2022 mashirika ya ndege ya Ulaya hayapiti juu ya Urusi, na safari ya London hadi Tokyo, iliyokuwa ya muda wa saa 12 hivi, sasa hufikia saa 14. Uzi juu ya tufe hauwezi kukuonyesha vita wala mipaka, kwa hiyo ukiona muda wa tiketi umezidi sana hesabu yako, jiulize ndege hiyo inakatazwa kupita wapi.

Hatua ya tano: soma saa za tiketi kwa usahihi

Hapa ndipo nataka msomaji atulie, kwa kuwa makosa mengi ninayoyajua yametokea hapa na si kwenye umbali.

Tiketi huandika wakati kwa mtindo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko na kuanzia machweo. Anayeona 02:00 na kusema "saa mbili" amekosea kwa muda wa saa sita kamili, kwa sababu 02:00 ni saa 8:00 usiku. Kanuni ya kugeuza ni hii. Namba ikiwa kati ya 07:00 na 18:59, toa 6: 13:00 inakuwa saa 7:00 mchana, 17:30 inakuwa saa 11:30 jioni. Namba ikiwa kuanzia 19:00 hadi 23:59, toa 18: 20:30 inakuwa saa 2:30 usiku, 23:30 inakuwa saa 5:30 usiku. Namba ikiwa kati ya 00:00 na 06:59, ongeza 6: 00:45 inakuwa saa 6:45 usiku, 05:00 inakuwa saa 11:00 alfajiri. Dakika hazibadiliki.

Ukishageuza saa, geukia tarehe, maana nayo ina mtego wake. Kwa tiketi, siku mpya inaanza usiku wa manane. Kwa mazungumzo yetu, usiku wa manane bado ni usiku wa siku tuliyoimaliza, na ndiyo maana tunao usemi wa "usiku wa kuamkia". Dada yangu, anayeuza nguo za watoto pale Majengo, alikata tiketi iliyoandikwa tarehe 14, 00:45. Alifunga duka tarehe 14 mchana, akapanda gari, akafika kiwanjani Dar es Salaam saa 3:00 usiku akiwa na mabegi mawili matupu ndani ya begi moja kubwa, kama wafanyavyo wanaokwenda kufunga mzigo. Binti wa kaunta aliitazama karatasi yake kwa muda, kisha akamwambia kwa upole, "Mama, ndege yako iliondoka usiku wa kuamkia leo." Alinipigia simu pale pale. "Kaka, si wameandika tarehe 14? Na leo si ndiyo tarehe 14?" Nilikosa la kumjibu, kwa kuwa ilikuwa kweli tarehe 14, na ilikuwa kweli pia kwamba alipaswa kuwa kiwanjani tangu jioni ya tarehe 13. Fedha aliyoilipa kubadilisha tiketi ilikula faida ya safari nzima.

Kwa hiyo kila unapoona tiketi inayoanza na 00, 01, 02 au 03, chukua kalamu na uandike pembeni yake: "naondoka nyumbani siku iliyotangulia."

Hatua ya sita: linganisha saa za nchi mbili

Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mahali husika: ya kuondoka ni ya kule unakoondokea, ya kufika ni ya kule unakofikia. Tanzania ipo saa 3 mbele ya saa za dunia. China nzima, pamoja na ukubwa wake, inatumia saa moja tu, nayo ipo saa 8 mbele. Kwa hiyo inatutangulia kwa saa 5. Doha, Istanbul, Addis Ababa na Nairobi zina saa sawa na yetu. Dubai inatutangulia kwa saa 1, India kwa saa 2 na nusu, na Johannesburg ipo nyuma yetu kwa saa 1. Ukipita Addis Ababa utakuta jambo la kututia moyo: Wahabeshi nao huhesabu saa kuanzia mapambazuko kama sisi, lakini ubao wa kiwanjani huandikwa kwa mtindo ule ule wa saa 24.

Nchi nyingi za Ulaya na sehemu kubwa ya Amerika ya Kaskazini hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka. Uingereza huzisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo London ipo nyuma yetu kwa saa 2 wakati wa kiangazi chao na saa 3 wakati wa baridi. New York hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, na tofauti yake nasi ni saa 7 au 8. Anayesafiri katika wiki za katikati ya tarehe hizo ahakikishe kila mji peke yake.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme ndege inaondoka Dar es Salaam Jumanne 23:30. Ongeza muda wa saa 10 na dakika 45, utapata Jumatano 10:15 kwa saa zetu. Ongeza 5, nawe unafika Jumatano 15:15 kwa saa za Guangzhou, yaani saa 9:15 alasiri. Kwa kurudi, tuseme inaondoka Guangzhou 17:30 na inaruka muda wa saa 11 na dakika 15. Kwa saa za kule itakuwa 04:45 ya siku inayofuata. Ukitoa 5, unatua Dar es Salaam 23:45, siku ile ile uliyoondoka. Msomaji wa juu juu ataona kwamba kwenda ni muda wa saa 15 na dakika 45, na kurudi ni saa 6 na robo, naye atadhani ndege ya kurudi ina kasi ya ajabu.

Kuna njia nzuri ya kujihakikishia hata kama huijui tofauti ya saa kati ya nchi hizo mbili. Chukua muda unaoonekana kwenye tiketi kwa kwenda, ujumlishe na ule unaoonekana kwa kurudi, kisha ugawe kwa mbili. Saa 15 na dakika 45 ukijumlisha na saa 6 na dakika 15 ni saa 22. Nusu yake ni 11, na huo ndio wastani wa kweli wa muda wa kuruka kwa kila upande. Tofauti ya saa imejifuta yenyewe, kwa kuwa iliongezwa upande mmoja na kupunguzwa upande wa pili.

Hatua ya saba: hesabu safari nzima kwa kurudi nyuma

Usianze kuhesabu kutoka nyumbani kwenda mbele. Anza na wakati wa ndege kubwa kuondoka, urudi nyuma kipande kwa kipande. Ndege ni 23:30. Kwa safari ya kimataifa uwe kiwanjani muda wa saa 3 kabla, yaani 20:30, kwa sababu kaunta nyingi hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka na foleni ya mizigo haina huruma. Kutoka katikati ya Dar es Salaam hadi kiwanjani ni kilometa 12 hivi, lakini Barabara ya Nyerere jioni si barabara ya kuhesabia kilometa; panga kuwa mjini kabla ya 18:00. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, itengee muda wa saa 4 hata kama ratiba ya siku hiyo inaonyesha pungufu. Kwa hiyo panda inayoondoka Dodoma si baada ya 14:00. Toka nyumbani 12:30, yaani saa 6:30 mchana. Anayependelea basi atenge muda wa saa 9, naye anayependelea ndege asidanganywe na ule muda wa saa moja na dakika kumi: aongeze kusubiri pande zote mbili, na achague ndege ya asubuhi au ya mchana ili, ikiahirishwa, treni bado iwepo.

Upande wa pili ongeza muda wa saa moja na nusu wa kupanga foleni ya uhamiaji na kusubiri mizigo. Ulitoka nyumbani Jumanne 12:30, unatoka nje ya kiwanja cha Guangzhou Jumatano 11:45 kwa saa zetu. Huo ni muda wa saa 23 na dakika 15, na ndani yake ndege kubwa imechukua chini ya nusu.

Ikiwa tiketi zako ni mbili tofauti, ya Dodoma na ya nje, elewa kwamba shirika la pili halina wajibu wa kukusubiri wala kukurudishia fedha ukichelewa kwa sababu ya la kwanza, na begi lako utalazimika kulichukua na kulikabidhi upya. Kwa hali hiyo mimi sikubali nafasi iliyo chini ya muda wa saa 6 kati ya kufika Dar es Salaam na kuondoka. Tiketi moja yenye vipande vyote huwa na ulinzi zaidi, na kwa anayesafiri mara ya kwanza nitamshauri ailipie hata ikizidi bei kidogo.

Hatua ya mwisho: andika ratiba kwa saa mbili

Chukua nusu karatasi, uigawe kwa safu tatu. Safu ya kwanza iwe na siku na tarehe; ya pili iwe na wakati kama ulivyo kwenye tiketi; ya tatu iwe na wakati huo huo kwa saa za Kiswahili, pamoja na neno la asubuhi, mchana, jioni au usiku. Anza na mstari wa kutoka nyumbani, si mstari wa ndege. Kwa kila kituo cha ugenini ongeza kwenye mabano saa ya Dodoma, ili walio nyumbani wajue wakati wa kutarajia simu. Mwachie nakala mtu mmoja, na nyingine ikae ndani ya pasipoti.

Dada yangu bado anasafiri. Karatasi yake ya safari iliyopita ilikuwa imekunjwa mara nne nyuma ya picha ya pasipoti, na mstari wa juu kabisa aliuandika kwa kalamu nyekundu: "Jumanne, 12:30, saa 6:30 mchana, nafunga duka."